Haitwi Mara Mbili

Kama kuna kazi inayomfundisha mtu asiuamini mdomo wa mwenzake, basi ni kazi aliyokuwa nayo Ngao. Na bado ilimponza.

Jina hilo la Ngao halikuwa lake. Lilikuwa la shujaa wa televisheni, yule wa vazi jeusi anayeruka maghorofa, ambaye kwa lugha yake hatumwelewi hata neno, lakini kila Jumamosi saa kumi alasiri aliongea Kiswahili safi kwa koo la huyu bwana, mume wa mshonaji wa mtaani kwetu. Watoto wa mtaa mzima walimwita hivyo, na mkewe akapata la kumtania: "Ngao wa watu, takataka zinakusubiri nje."

Kazi ilikuwa kukaa kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, taa zimezimwa, kutazama midomo ya mgeni kwenye skrini na kuipachika maneno. Midomo ikifunguka, aseme, ikifumba, anyamaze. Kwa hedifoni alifunika sikio la kushoto tu. La kulia aliliacha wazi ili ajisikie mwenyewe. Upande wa pili wa kioo alikaa Fundi, mtu wa mitambo, rafiki yake wa miaka tisa.

Siku hiyo walirekodi sehemu ambayo shujaa anaanza kuwashuku wenzake. Anaona njama kila kona, anawafungia mlango hata waliomlea. Ngao alikuwa amemaliza kusema "Wote wanajua," akisubiri picha inayofuata, pale mtu alipomwita. Alimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo alilitumia marehemu mama yake peke yake.

"Naam," akaitika.

Hakufikiri. Mama yake alimlea kwa msemo mmoja, na yeye akamlea binti yake, Kidoti, kwa msemo huohuo: mtoto mwenye adabu haitwi mara mbili.

Fundi akabonyeza kitufe cha kuongelea. "Naam ya nani hiyo? Mbona haimo kwenye mswada?"

"Si umeniita?"

"Nikuite saa ngapi, na mimi nakunywa chai?"

Wakacheka, yakaisha. Ila baadaye, akivaa viatu, Ngao akakumbuka kwamba sauti ile haikutoka kwenye hedifoni. Iliingilia sikio la kulia, lile la wazi, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na mtu mwingine. Tena palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Kesho yake mchana mkewe alikuja na chupa ya maji ya tangawizi ya kulainisha koo, kama alivyofanya miaka yote. Akasimama na Fundi nyuma ya kioo wakiongea. Kitufe hakikubonyezwa, kwa hiyo Ngao hakupaswa kusikia kitu. Akasikia.

"Nimeshaitia," ilisema sauti ya mkewe, polepole, kwenye sikio la kulia. "Akiinywa wiki nzima, koo litakufa."

"Na mtoto, shemeji?" ilisema sauti ya Fundi.

"Mtoto tunaondoka naye."

Ngao alitazama midomo yao kwa jicho la kazi. Penye m na b midomo iligusana, penye o iliviringika, hakuna silabi iliyochelewa. Angerekodi mwenyewe asingepatia vile. Maskini wa Mungu, miaka tisa alikuwa anawalisha watu maneno wasiyoyasema na midomo inakubali, lakini siku alipofanyiwa yeye hakuujua mchezo.

Tangawizi akaimwaga kwenye sinki. Siku ya tatu sauti yake ikaanza kukwaruza.

"Baba Kidoti, maji unayanywa kweli?" mkewe alimuuliza, mkasi mkononi, anakata kitambaa.

"Nakunywa."

"Haya."

Alisema haya, lakini alimtazama kitambo. Ngao akajiambia: huyu anapima sumu imefika wapi. Akahesabu mikasi iliyomo ndani. Akaacha kula nyumbani. Fundi alipomletea andazi alilikata katikati, akalinusa, akamrudishia.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, alikwenda shule akamwambia mwalimu kuna mgonjwa nyumbani, akamchukua Kidoti hadi kazini, akaingia naye kwenye kijichumba na kukomea kwa ndani. Fundi alibisha, akabembeleza, mwishowe akampigia simu mke wa Ngao. Mama wa watu alikuja mbio na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

Wakasimama nyuma ya kioo wote wawili wakigonga, na vishindo havikusikika kwa sababu ya sponji, ila ile sauti ya sikio la kulia ilisikika vizuri, karibu sana sasa, yenye pumzi ya moto na harufu ya nywele zilizoungua iliyomjaa puani, ikisema kwa sauti ya mkewe kwamba kioo kivunjwe, kwamba mtoto avutwe kwa miguu, kwamba mkasi anao kwenye pochi na koo lile amelichoka, na Ngao akamkumbatia Kidoti kwa nguvu hadi mtoto akagumia, huku mkono wake mwingine ukipapasa gizani, ukakishika kile chuma kizito cha kusimamishia maikrofoni, na sauti ikamwambia, inua, tangulia wewe kupiga.

"Baba, unaniumiza," Kidoti alinong'ona. "Mbona mama analia tu na haongei?"

Ngao akatazama. Mkewe alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, machozi yanamtiririka, midomo ameibana kabisa. Na sauti yake bado ilikuwa inaendelea.

Miaka tisa ya kazi ikaamka ndani yake. Lile ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Kosa," alisema kwa koo lililokauka, kama alivyozoea kumwambia Fundi. "Midomo imefumba."

Sauti ikakatika. Akaweka chuma chini, akafungua mlango. Mkewe alimkumbatia mtoto kwanza; mume akasimama pembeni akingoja zamu yake, na hakujua kama ataipata. Aliipata.

Jioni hiyohiyo Fundi alimleta pale kazini shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye kazi ya kutoa majini na asiyependa porojo. Kwanza aliuliza moja.

"Uliitika?"

"Niliitika, shangazi."

"Basi ulimkaribisha mwenyewe. Jini huita kila siku, ila haingii mpaka aitikiwe. Hiyo naam iko wapi?"

Fundi akaichezesha, kisha akaifuta. Shangazi akafukiza uvumba kila pembe, akasoma yake chini kwa chini, hadi harufu ya nywele ikaondoka.

"Na pale alipoita?"

"Hapakurekodiwa kitu. Ni kimya cha sekunde nne."

"Hicho kimya kifute pia."

"Sawa, shangazi," alisema Fundi. Lakini mtu wa mitambo ni mtu wa mitambo. Shujaa alihitaji kunyamaza pale, na kimya cha chumba kile kilikuwa kizuri. Akakiacha.

Ngao alirudia tangawizi, sauti ikarudi, akamaliza sehemu. Akaapa kwamba akiitwa na asiyemwona hataitika tena. Hakumweleza Kidoti habari hizo, aliona asimtishe mtoto.

Jumamosi ya kuonyeshwa sehemu ile, saa kumi, walikaa sebuleni, Kidoti ubavuni mwa baba yake, mama kwenye cherehani. Kwenye televisheni shujaa akasema, "Wote wanajua," akanyamaza. Picha ikamsogelea usoni. Midomo ilikuwa imefumba.

"Kidoti," ikaita sauti ya Ngao kutoka kwenye televisheni.

Ngao mwenyewe hakuwa amefungua kinywa. Alirusha mkono amzibe mtoto mdomo, lakini mtoto alikuwa amelelewa vizuri.

"Abee, baba," Kidoti aliitika, macho kwenye televisheni.

Cherehani ikasimama. Hapo, kupitia dirishani, kutoka nyumba ya jirani walikotazama kipindi hichohicho, mtoto mwingine akaitika naam; nyumba ya tatu, abee; kisha ng'ambo ya barabara, kisha ghorofani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeitwa mara mbili.