Mwambie Daktari Kazi Yako

Fundi wa vigae vya sakafu utamjua kwa magoti yake. Yana sugu nyeusi, ngumu kama kisigino. Fundi tunayemzungumzia alikuwa nazo, lakini zilikuwa zimeanza kulainika. Ulikuwa mwaka wa tatu hajapiga goti kazini. Siku hizi alisimama mlangoni na kumwelekeza binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa chini.

"Kona ile imeinuka," alimwambia. "Gonga kidogo."

Binti alichukua nyundo ya mpira, akagonga, akaweka pima maji juu ya kigae. Kilikuwa sawa. Alijifunza kazi hii tangu akiwa mdogo, na mafundi wenzake walimwita Fundi Mdogo. Wateja wengine walipomwona mara ya kwanza walikunja uso. Wakiiona sakafu yake, waliukunjua. Jumamosi alicheza netiboli, siku nyingine zote alikuwa kwenye sakafu za watu. Nyumba nzima ilikula kwa magoti yake.

Baba yake alilijua hilo, na lilimuuma. Alikuwa bado na nguvu za mikono na macho makali. Alichokosa ni goti la kuegemea.

Goti hilo liliharibika kazini. Alikuwa anashuka ngazi, katoni ya vigae begani, akateleza. Goti lilijipinda, likalia "ko", jioni likawa limevimba kama boga. Vipimo vilionyesha kwamba kano la ndani limekatika. Kano ni kamba ngumu ya mwilini. Lile la katikati ya goti hushikilia mfupa wa paja na mfupa wa ugoko isiachane. Likikatika kabisa, mara nyingi haliungi lenyewe. Watu wengine hufanya mazoezi ya kuimarisha misuli na kuishi vizuri bila kupasuliwa. Lakini goti la Fundi lilikuwa linamwacha njiani, likikunjika ghafla kila akigeuka. Daktari akashauri upasuaji. Angekata kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mguu na kukipandikiza pale palipokatika.

Fundi hakwenda kwa daktari peke yake. Alikwenda na kaka yake mkubwa, mtu ambaye ukoo mzima ulimwita Msemaji. Posa zilisemwa naye. Magomvi yalisuluhishwa naye. Hata mtu akiwa na jino bovu, Msemaji ndiye aliyeeleza linavyouma. Na kwao, mkubwa akisema, mdogo husikiliza.

Daktari yule alikuwa anafahamiana na Msemaji. Aliuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Fundi alifungua mdomo, lakini kaka yake alimtangulia.

"Ni kontrakta," alisema Msemaji. "Ana vijana wake. Yeye anasimama na kuwaelekeza tu."

Daktari aliuliza tena kama mgonjwa hupiga magoti sana. Msemaji alijibu kwamba ni ya kusali tu, na wote wawili wakacheka. Fundi aliangalia viatu vyake. Alielewa vizuri kwamba kaka yake anamwonea haya. Hakutaka rafiki yake ajue kwamba ndugu yake wa tumbo moja anatambaa kwenye sakafu za watu. Kisha Msemaji akaongeza kwamba mdogo wake awekewe lile kano wanalowekewa wachezaji wakubwa wa mpira. Fundi akanyamaza. Kunyamaza huko alikuita heshima.

Basi daktari akachukua kano la mbele, chini ya kifuu cha goti, yaani kile kifupa cha mviringo. Kwa mtu wa kusimama, ulikuwa uchaguzi mzuri. Goti lilishika. Alitembea, akapanda ngazi, akashukuru Mungu. Halafu akarudi kazini, akapiga goti, na ikawa kama ameegemea msumari. Alivaa pedi za magoti. Alitanguliza goti jingine. Alifanya mazoezi yote aliyopewa. Maumivu yalipungua, lakini siku nzima sakafuni hakuiweza tena.

Ndipo binti akachukua mwiko wa baba yake. Mwaka wa tatu, Jumamosi moja uwanjani, aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja na kusikia "ko".

Mama yake alilia. Baba hakulia. Alikuwa na hasira, na hakujua aipeleke wapi.

Msemaji alifika kabla ya uvimbe kupungua. Aliketi kwenye kiti kikubwa na kutangaza kwamba binti apewe matibabu yale yale ya baba yake. Mama alijaribu kusema kwamba goti la mumewe linamtesa. Msemaji alimkata.

"Mdogo wangu, goti lako limeshika au halikushika?"

"Limeshika, kaka."

"Basi maneno yamekwisha." Akageukia binti, akamwambia kwamba hospitalini wataeleza kuwa yeye ni mwanafunzi wa chuo. Habari za kubandika vigae zisitajwe, kwa sababu si sifa kwa mtoto wa kike wa ukoo wao. Binti alisema, "Sawa, baba mkubwa," kwa sauti ambayo Fundi aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya chumba cha daktari. Aliichukia.

Safari hii walimkuta daktari mwingine, mama wa makamo aliyekunja mikono ya koti lake kama mtu anayetaka kufua. Alimpima binti goti, akathibitisha kwamba kano la ndani limekatika, akamwuliza linamwachaje anapogeuka. Kisha akauliza kazi yake.

"Huyu ni mwanafunzi wa…" alianza Msemaji.

"Kaka, nyamaza," alisema Fundi.

Alikuwa hajawahi kumwambia kaka yake hivyo tangu azaliwe. Akamgeukia daktari.

"Daktari, mficha uchi hazai. Binti yangu anabandika vigae. Anapiga magoti toka asubuhi mpaka jioni. Mimi pia ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipopasuliwa tulikuficheni madaktari, na tazama." Alikunja suruali, akaonyesha kovu.

Daktari aliliangalia kovu, kisha akavuta kiti karibu na binti. Alimweleza kwamba hakuna kano moja lililo bora kwa kila mtu. Kila moja lina faida na gharama yake mwilini. Aliweka kidole kwenye goti lake mwenyewe, akaonyesha moja baada ya jingine.

Kano la mbele, chini ya kifuu, huchukuliwa pamoja na vipande vya mfupa kila upande. Hushika mapema na kwa nguvu, ndiyo maana wachezaji wengi huwekewa. Lakini kidonda chake kipo pale pale unapoegemea sakafu. Wengi wao huumia wakipiga magoti, baadhi kwa miaka. Makano ya nyuma ya paja hayaachi maumivu mengi mbele ya goti. Ila misuli ya nyuma hupungua nguvu, na kwa kijana anayecheza michezo ya kuruka na kugeuka, kano hilo huweza kulegea au kukatika tena kwa urahisi zaidi kidogo.

"Lipo na linalochukuliwa kwa marehemu, kwa hospitali zenye nalo," alisema. "Halikuongezei kidonda cha pili mguuni. Lakini kwa kijana kama wewe hukatika mara nyingi zaidi, kwa hiyo sikushauri."

"Hakuna jingine?" aliuliza binti.

"Lipo la juu ya kifuu, mbele ya paja. Lina nguvu, na kovu lake haligusi sakafu. Gharama yake ni paja. Litakuwa dhaifu kwa muda mrefu, na usipofanya mazoezi utachechemea. Sasa niambie wewe, si wazee. Goti hili unalitaka kwa kazi gani?"

Binti hakumtazama baba mkubwa. "Uwanja ni Jumamosi," alisema. "Magoti ni kila siku."

Wakakubaliana kano la juu ya kifuu. Fundi alikuwa akipiga hesabu ya maisha yake. Kisha aliuliza kama hata siku ile yake wangeweza kumchukulia la juu. Daktari aliliangalia tena lile kovu. Alisema kwamba, kama kazi yake ingejulikana, huenda wangezungumza habari hiyo.

"Na sasa?"

"Sasa goti lako limeshika, mzee. Siwezi kulifungua ili kurudisha kilichotolewa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Fundi aliijua methali hiyo tangu utoto, lakini siku hiyo ilimchoma.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichofuata kilikuwa kigumu. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha binti kunyoosha goti, kuinua mguu, kukaa na kusimama polepole. Paja lilikuwa limekonda, akawa anakasirika na kutupa magongo. Mwezi wa nne baada ya upasuaji alijiona amepona na kutaka kurudi kazini. Baba yake alificha mwiko. Alimkumbusha kwamba kano jipya huchukua miezi mingi kukomaa, hata kama maumivu yamekwisha. Mwaka ulipokaribia kutimia, mtaalamu alimwambia aruke na kuchuchumaa, akalipima goti, akamruhusu. Binti alivaa pedi, akapiga magoti kwenye sakafu ya korido moja ndefu. Akakaa hivyo asubuhi nzima. Goti halikumuuma.

Msemaji alikuja kuangalia. Alisimama kando ya mdogo wake mlangoni, akamtazama binti akipanga safu ya mwisho.

"Unaona," alisema kwa furaha. "Tulichagua vizuri."

"Alichagua yeye, kaka. Wewe ulikuwa umenyamazishwa."

Msemaji alikohoa. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa yake, kwa nini mdogo wake hakusema kitu siku ile ya kwanza. Si angemwambia daktari tu?

"Ningesema nini?" alijibu Fundi. "Kazi yangu ulikuwa unaijua."

Sakafuni, binti alinyoosha mkono bila kugeuka, akaomba kigae. Fundi aliinama kiunoni, miguu ikiwa imenyooka, na kumpa.