Alama za Penseli

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mlango wa jikoni kwa Noreen Strand uligoma tena kufunga. Mumewe, Wendell, alikuwa ameshaupiga randa mara mbili tangu wahamie, na mara zote mbili ulivimba upya, kama shavu la mwenye jino bovu. Dari nayo ilikuwa na ufa uliorefuka kila wiki. Na Tilda, binti yao wa miaka saba, alikuwa amegundua mchezo: ukiweka gololi popote sakafuni, inabiringika taratibu hadi kwenye ukuta uliotenganisha jikoni na sebule, inagonga, inatulia. Popote pale. Hata ukiisukuma kwa nguvu kwenda upande mwingine, ilikawia kidogo tu, kisha ikarudi.

Ilikuwa nyumba ya mbao juu ya kilima katika mji wa Duluth, yenye dirisha lililoona ziwa na meli za madini. Waliinunua ikiwa chakavu kwa makusudi. Walitaka kujifunza ujenzi kwa mikono yao, ingawa siku wanahamia hakuna kati yao aliyejua kwa nini parafujo ni bora kuliko msumari.

Mwalimu aliwajia mwenyewe. Alikuwa Arvo Saari, jirani wa ng'ambo ya ua, fundi seremala mstaafu wa miaka themanini na moja. Baba yake ndiye aliyeijenga nyumba ile, na yeye alizaliwa ndani yake. Alikuja na mkate wa iliki uliookwa na dada yake, akauweka mezani, akamtazama Wendell akihangaika na randa.

"Mlango hauna kosa, kijana. Ukiendelea kuukata hivyo utabaki na dirisha."

Wendell alicheka. "Sasa kosa la nani, mzee?"

"La kilicho juu yake."

Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Tupu. Tupu. Tupu. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito, fupi, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Hapo," alisema Arvo. "Kuna ukuta wa kugawa chumba na kuna ukuta wa kubeba. Wa kugawa, uvunje hata huku unakula. Wa kubeba, ukiugusa bila adabu, paa linakuja kunywa kahawa na wewe. Huu unabeba. Ndani kuna nguzo, na nguzo imechoka. Fungueni tuione. Nitasimamia mwenyewe."

Noreen alimwona mtu mwema. Kila Jumamosi alikuwa pale saa tatu kamili. Aliwafundisha kusoma pima maji, kuteremsha timazi, kufuata boriti za juu ili kujua uzito unashukia wapi. Hakutaka ujira. Aliuliza jambo moja tu, na aliliuliza zaidi ya mara moja.

"Mtoto anaendelea kukua vizuri?"

"Kama nyasi, mzee," Noreen alimjibu.

Dada yake, Aili, hakuwahi kutoka nje. Noreen aliposimama kwenye sinki aliona dirisha la jikoni kwao, na juu ya kizingiti chake utosi wenye nywele nyeupe, ukienda na kurudi. Utosi tu.

"Dada ni mfupi," Arvo alisema.

Siku ya kuvunja walisimamisha mbao za kushikilia dari, wakazikaza kwa jeki. Plasta ilianguka vipande vipande, vumbi likajaa hadi kwenye sukari. Nyuma yake ilisimama nguzo moja nene, nyeusi, laini kama kitu kilicholambwa miaka mingi. Ilikuwa na mistari ya penseli, na kando ya kila mstari jina lile lile. Aili. Aili. Aili.

"Wamempima kimo!" Noreen alifurahi. Kwao pia, utotoni, fremu ya mlango wa jikoni ilikuwa na mistari kama ile, yake na ya kaka zake.

Tilda aliinama kusoma tarehe. Alianza juu, akashuka kwa kidole. Elfu moja mia tisa hamsini na tatu. Hamsini na nne. Hamsini na tano. Kidole kilifika chini ya kitovu chake.

"Mama, huyu alikuwa anakua kwenda chini."

"Aliyekuwa anampima alikuwa amelewa," Wendell alisema.

"Mama yetu hakunywa," Arvo alisema. Hakuwa anacheka. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akampa Noreen. "Mpime na wako. Avue viatu. Mgongo unyooke."

"Mpime wewe, mzee. Wewe ndiye fundi."

"Hapana. Anaandika mama."

Alirudi nyuma hatua mbili. Noreen alidhani anampisha.

Tilda alivua viatu, akaegemea nguzo, akavuta pumzi ili aongezeke. Noreen alilaza penseli juu ya nywele zake, akachora mstari, akaandika jina na tarehe. Inchi arobaini na saba.

Dari ikashusha pumzi. Wote waliisikia. Ufa ukajifumba kama kope, na mlango wa jikoni, ambao hakuna aliyeugusa, ukaenda polepole ukajifunga. Tak.

Wendell alipiga makofi. Aliibusu ile nguzo. Arvo alikuwa ameshatoka bila kuaga, na alisahau kofia yake.

Noreen alitazama ng'ambo ili amwite. Kwenye dirisha la Aili, chini ya nywele nyeupe, lilikuwa limeonekana paji la uso.

Theluji ya kwanza ilianguka mapema Novemba. Ilipokaa juu ya paa siku tatu, Tilda alianza kukanyaga pindo za suruali yake.

"Umezivuta kiunoni?" Noreen aliuliza.

"Ziko pale pale, mama."

Theluji ya pili ilikuwa nzito, ya majimaji. Muuguzi wa shule alipiga simu kuuliza kama vipimo vya mwanzo wa mwaka viliandikwa vibaya. Daktari alitazama picha za mifupa, akasema mifupa ni mizima, labda tepu ndiyo mbovu. Noreen alinunua tepu mpya. Alimpeleka mtoto kwenye nguzo, akashika penseli, akainua mkono.

Hakuwa na haja ya kuandika. Chini ya mstari wake wa Oktoba palikuwa na mistari minne mingine. Tilda. Tilda. Tilda. Tilda. Wa mwisho ulikuwa na tarehe ya siku ile. Mwandiko ulikuwa wa Noreen mwenyewe, hadi namna anavyokata herufi T.

"Nani kaandika hivi?" alinong'ona.

"Wewe," Tilda alisema. "Si mwandiko wako?"

Wendell hakutaka maneno. Alikuwa ameshajifunza: unakaza jeki, unaweka mbao, unakata nguzo mbovu, unasimamisha mpya. Alikaza jeki. Aliweka mbao. Msumeno uliingia nguzoni kwa kina cha ukucha.

Tilda, sebuleni, akapiga ukelele.

Walimkuta amelala chini ameshika paja. Hakukuwa na jeraha. Palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka. Mstari wa msumeno.

Noreen hakuvaa hata koti. Alivuka ua, akapiga mlango wa Arvo kwa ngumi. Mlango haukuwa umefungwa. Ndani kulinukia iliki. Kigoda cha kukanyagia, ambacho Aili alikitumia kufikia sinki, kilikuwa kimetupwa kando ya jiko pamoja na kuni. Aili alikuwa amesimama mezani akikanda unga, miguu yake sakafuni. Uso wa bibi kizee wa miaka sabini na minane ulikuwa juu ya mwili uliofika kifuani kwa Noreen. Alipomwona, aliinamisha macho, akaendelea kukanda.

"Ulijua," Noreen alimwambia Arvo.

"Keti, Mama Tilda."

"Ulijua!"

"Nilijua tangu nina miaka kumi." Alikuwa akikata mkate. "Baba alidai nguzo ile aliikuta porini imeshachongwa. Hakusema zaidi. Anayebeba ni yule aliyeandikwa mwisho. Dada yangu amebeba paa lile toka yuko darasa la pili. Baba aliufunga ukuta akidhani wasipompima itaacha. Ilipunguza mwendo tu. Jana, Mama Tilda, amechukua kikombe kabatini mwenyewe. Unajua maana yake?"

"Niandike mimi. Njoo uniandike mimi!"

"Mama alijiandika mara nane. Haichukui aliyekwisha kukua. Inakula kukua kwenyewe."

"Ana miaka saba, Arvo."

"Naye alikuwa na saba." Alisukuma sahani kuelekea kwake. "Kula. Unajua dawa yake sasa. Mimi nilingoja miaka sitini na zaidi watu wenye mtoto na nyundo. Wewe bado kijana."

Noreen alimtazama Aili. Mikono ilikuwa imeacha kukanda.

"Aliniomba ruhusa," Aili alisema, akiutazama unga. "Nikamwambia asifanye. Nilimwambia hivyo mdomoni tu."

Majira yale yote ya baridi, Noreen aliishi juu ya paa. Kila theluji ilipotulia alipanda na koleo, akasukuma, akasukuma, vidole vikapasuka, magoti yakafa ganzi. Majirani waliopita walimtania. "Shuka, mama, hilo paa limekukosea nini?" Alisukuma. Chini jikoni, Tilda aliketi karibu na nguzo akimwita kila alipohisi nafuu. "Hapo, mama! Hapo umepunguza!" Lakini mbingu haikuchoka. Kufika Machi Tilda alikuwa na inchi arobaini na mbili, na watoto shuleni walimwita Nukta.

Walipoamua kuuza nyumba, Wendell alimsihi akiwa amepiga magoti awauzie watu wenye watoto. Familia moja ilikuja na mapacha, wakakimbia moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Noreen aliwafukuza. Aliwafukuza na waliofuata. Akawauzia Colette na mumewe, watu wapole wasio na mtoto. Usiku ule alilala usingizi mzima, kwa sababu lilikuwa jambo jema, na alikuwa bado mtu wa kufanya jambo jema. Nguzo hawakuthubutu kuigusa. Walipanga nyumba ndogo karibu na ziwa, mbali na kile kilima, wakidhani umbali una maana.

Haukuwa na maana. Majira mawili ya baridi yalipita. Wendell alihamia kwa kaka yake, kwa sababu hakuweza kumtazama mtoto mezani. Tilda alitimiza miaka tisa. Alisoma vitabu vinene akiwa kwenye kiti cha mtoto mchanga, na kila asubuhi alishuka peke yake, akijishikilia, akikataa kubebwa.

Ujumbe ulikuja Jumapili, Noreen akimsonga Tilda nywele mapajani pake.

"Dada Noreen, habari za siku nyingi! Mungu katujalia. Tumekabidhiwa mtoto wa kulea, Desmond, ana miaka sita. Ametoka mahali pabaya, anaogopa kila kitu, lakini nguzo ya jikoni kaipenda, haiachi. Tumeona alama za Tilda. Tumecheka sana, mmeziandika juu chini! Mtaona vibaya tukimpima na yeye hapo?"

Kulikuwa na picha. Nguzo nyeusi. Alama ya msumeno. Mistari mingi, mingi, ikishuka kama ngazi, na wa chini kabisa ulikuwa na tarehe ya asubuhi ile. Kando yake, mvulana aliyeipa kamera mgongo, kiganja kimelala juu ya mti. Kola ya shati lake ilikuwa kubwa kwa shingo yake.

Tilda alikuwa akisoma naye, kidevu begani pake.

"Usimjibu, mama."

Noreen aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Mama. Usimjibu."

Alimshusha mtoto sakafuni. Alikuwa mwepesi sana. Alikwenda chooni, akafunga mlango, akafungua bomba ili asimsikie. Aliandika polepole, bila kufuta neno hata moja.

"Hatuoni vibaya hata kidogo. Avue viatu. Mgongo unyooke. Na uandike wewe uliye mama yake sasa."

Jumatatu asubuhi suruali ya Tilda iliishia juu ya vifundo vya miguu. Noreen alipiga magoti, akamkumbatia, akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena. Mikono ya mtoto ilibaki imening'inia. Hakumtazama mama yake. Alikuwa akitazama nyuma yake, kwenye fremu ya mlango iliyopakwa rangi nyeupe wiki iliyopita tu.

Palikuwa na mstari wa penseli. Kando yake, jina la Desmond na tarehe ya siku ile, kwa mwandiko wa Noreen.

Mstari wenyewe ulikuwa chini kidogo kuliko kimo cha mtoto wa miaka sita.