Spika Iliyovuma Bila Waya

Nianze na langu kabla sijasema la mdogo wangu. Niliwahi kutoa kitu ndani ya nyumba yake bila kumwuliza. Nilikitoa sala ikiwa mdomoni, nikajiona nafanya kazi ya Mungu. Nilikosa. Mbele ya Mungu nimeungama mara nyingi. Mbele ya watu, bado.

Sasa sikiliza ya Fundi.

Fundi ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa na gereji ya magari ya umeme uani mwa nyumba tuliyokaa sote: yeye, mimi, na binti yake wa pekee, ambaye mama yake alifariki mtoto angali ananyonya. Mtoto tulimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Akiishiwa maneno, huimba. Akiishiwa wimbo, huvuma tu kama nyuki, mmmm, anacheza chini ya meza.

Magari ya umeme yana jambo moja. Yakienda polepole hayasikiki. Ndiyo maana wanaoyaunda huyawekea spika ndogo mbele, nyuma ya bampa, ivume ili mwenda kwa miguu ajue kuna kitu kinakuja. Wenye magari wengi hawaipendi. "Linalia kama friji bovu," walimwambia Fundi. "Naona kama nimempakia mgonjwa." Basi Fundi akawa anawakatia. Anafungua bampa, anakata waya mbili, anaweka rizista ndogo pale ili gari lisijue limenyang'anywa sauti, taa ya hitilafu isiwake. Kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Alikuwa na mzaha wake kuhusu ukataji huo, wateja wanacheka mpaka wanashika mbavu. Siuandiki hapa.

Nilimwuliza siku moja, "Na asiyeona je? Na mtoto?"

"Dada, asiyeona ana fimbo, mtoto ana mama, gari lina breki. Mimi nimebakiziwa nini?"

Akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Jioni moja jua limeshazama, taa za njiani hazijawaka, Fundi akaenda kufunga geti. Akasikia mvumo. Haukuwa ule aliouzoea, wa kama filimbi ya mbali. Huu ulikuwa mzito, wa chini, unapanda na kushuka. Kama mwanamke anayebembeleza mtoto huku amefumba mdomo.

Gari jeupe likaingia. Likasimama.

Mvumo haukusimama.

Kioo kikashuka kiasi cha kidole. Ikatoka harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Ndani Fundi aliona bega la gauni jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Uso hakuuona.

"Wewe ndiye unayekata?" Sauti ya mama wa makamo. Ya upole.

"Ndiyo mimi, mama. Linakusumbua?"

"Linanisumbua."

"Kelele?"

"Wanasikia," alinong'ona. "Wanapisha..."

Fundi akatabasamu, akidhani ni utani. "Si ndiyo kazi yake, mama?"

"Wateja wako wote huwa unawauliza hivyo?"

Hakuwahi kumwuliza hata mmoja. Akatandika gunia, akavaa kurunzi ya kichwani, akaingia mvunguni.

Spika ilikuwa ya moto, lakini si moto wa umeme. Ilikuwa joto la shavu la mtoto mwenye homa. Akaikata waya nyekundu. Mvumo ukapungua. Akaishika nyeusi...

Kitu kikavuta pumzi.

Akaikata hata hivyo.

Alipotoka na spika mkononi, yule mama alisema, "Kaa nayo."

"Sina kazi nayo, mama."

"Lazima abaki mmoja wa kusikia." Kioo kikaanza kupanda. "Mmoja tu."

Gari likarudi nyuma, likatoka. Uani kwetu kuna kokoto. Hata paka akipita, zinalia.

Hazikulia.

Spika aliiweka juu ya kabati sebuleni, akaisahau. Siku si nyingi baadaye, wakati ule ule wa giza kuingia, ikavuma. Haijaunganishwa popote. Chiriku akafurahi, akavuma nayo, mmmm, akiifuata inavyopanda na kushuka. Fundi akaigusa: ya moto. Mara ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Asubuhi tukaambiwa mshona viatu wa pale kona amekutwa kando ya barabara. Hana jeraha. Hakuna alama ya tairi. Kiganja kimekaukia nyuma ya sikio, kama mtu anayejitahidi kusikia.

Ilipovuma mara ya pili, Fundi akamkumbuka mshona viatu, akatoka nayo mbio. Kila alivyolikaribia duka la mkate ndivyo ilivyozidi kutetema mkononi. Mwanamke mjamzito alikuwa anavuka, mfuko begani. Fundi akamrukia, wakaanguka wote mtaroni.

"Una wazimu wewe?" mwanamke akapiga kelele. "Niachie! Mume wangu akikupata atakuvunja mifupa!"

Kisha akainua macho. Upepo ulikuwa unapita juu yao. Taratibu. Mrefu kama gari. Ukinuka udongo.

Safari hii spika haikukatika. Ilififia yenyewe, kama mtu anayepitiwa na usingizi.

Hapo Fundi akaelewa. Sauti ya gari lile ilibaki kwake, na gari linatembea bila sauti. Kila giza likikaribia akawa anakaa kizingitini, spika mapajani, koleo na waya mpya mfukoni. Ikivuma, anakimbia. Wengine aliwawahi. Wengine hakuwawahi. Alichotaka ni kulipata gari lenyewe, alirudishie sauti. Lakini wakati ule hakumwambia mtu, hata mimi; haya yote alikuja kunisimulia baadaye, mara moja tu. Angeanzia wapi? Angelazimika kuanza kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyekata.

Na mimi niliona nini? Nilimwona mdogo wangu amekonda, chakula hakigusi, sala ameacha, jioni amekumbatia kidude cheusi kinachovuma bila waya, anakinong'oneza, "Wapi? Niambie wapi..." Nilimwona mtoto anavuma pamoja nacho. Nikajiambia, humu kumefugwa jini.

"Ni kitu gani hicho?" nikamwuliza.

"Niache, dada."

"Ni uchawi?"

Hakuinua macho. "Niache, dada yangu."

Laiti ningemwacha.

Jioni ile usingizi ulimzidi, akalala kitini mdomo wazi. Spika ilikuwa imemponyoka, iko sakafuni. Ikaanza kuvuma. Nikaisomea sala, nikaizungushia kitambaa cha vyombo, nikatoka nayo mbiombio. Njiani alikuwa anapita mzee wa vyuma chakavu na mkokoteni wake.

"Baba, chukua hii. Bure. Ipeleke mbali."

"Mbona inalia, mama?"

"Betri," nikamdanganya.

Akaitupa katikati ya masufuria, akasukuma mkokoteni. Ilivuma kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia, masufuria yakagongana. Mimi nikasimama getini, nimefumba macho, nimeinua mikono, namshukuru Mungu kwa kila inavyozidi kwenda mbali.

Ndipo nikasikia mivumo miwili.

Mmmm ya spika. Na mmmm nyingine, nyembamba, yenye furaha, inaifuata nyuma.

Chiriku alikuwa amepita ubavuni mwangu. Aliona wimbo wake unaondoka, akaufuata barabarani.

"Dada!" Fundi nyuma yangu, koleo mkononi. "Iko wapi?"

"Nimeitoa. Mungu ametuokoa, mdogo wangu, nime..."

"Ilikuwa inavuma?"

Nikageuka kutazama barabara.

"Dada. Ulipoitoa... ilikuwa inavuma?"

Mivumo ikakatika.

Yote miwili. Pamoja.

Hatukusikia breki. Hatukusikia tairi. Hatukusikia mtoto kulia. Tulimkuta amelala chali, ndala moja mguuni, midomo imefumbwa kama bado anavuma. Mzee wa mkokoteni alikuwa ametupa mikono kichwani, anasema hakuona kitu, hakuona kitu, wallahi hakuona kitu.

Sisi tuliliona. Gari jeupe limesimama mbele kidogo, kioo kimeshuka kiasi cha kidole.

Fundi alilisogelea kwa magoti. "Mama, nakuomba. Nikurudishie sauti yako. Nina koleo, nina waya, sasa hivi nikurudishie."

"Iko wapi?" akauliza, kwa upole ule ule.

Fundi akageuka kuitafuta mkokotenini. Akapekua masufuria, akayatupa chini moja moja. Kitambaa changu cha vyombo kilikuwepo, bado kina joto. Spika haikuwepo. Imeanguka njiani, au imeokotwa, mpaka leo hatujui. Ndipo akanitazama mimi. Hakunitukana. Bora angenitukana.

"Huyu hakunipisha," akasema yule mama.

Kioo kikapanda.

Tulipotoka kuzika, mlinzi wa kituo cha kuchajia magari alinivuta pembeni. Akaniambia kwamba kabla ya haya yote, pale kona kwa mshona viatu, aligongwa mama mmoja wa gauni jeupe. Alikuwa anatembea polepole, mtoto mgongoni, anamvumia ili alale. Gari likamjia kwa nyuma, hakulisikia. Alikufa yeye na mtoto.

"Gari la nani?" nikauliza.

"Sijui la nani. Polisi walisema lilikuwa la umeme, limekatwa sauti." Akanitazama, kisha akatazama pembeni. "Kazi safi, walisema. Hata taa ya hitilafu haikuwaka."

Sijamwambia Fundi. Nafikiri anajua.

Gereji ameifunga. Kila jioni anakwenda kusimama pale kona, amefumba mdomo, anavuma mwenyewe, mmmm, akipanda na kushuka, mpaka koo linatoa damu. Watoto wa jirani wanamwigiza, vijana wanamrushia maganda. Gari la umeme likipita kimya, yeye hutembea mbele yake akivuma, na dereva humtukana, "Toka njiani, mwehu!" Hatoki. Watu wanapisha kwa sababu yake, nao hawajui wanapisha nini. Mimi humpelekea maji. Hunywa, hunirudishia kikombe, haniambii kitu.

Mimi nina ombi moja kwako. Ukiokota, ukipewa, au ukinunua kwenye chakavu spika nyeusi ya duara, ukubwa wa kisahani, ina waya mbili zilizokatwa fupi, nyekundu na nyeusi, usiitupe. Usiivunje, wala usiiunge na kitu. Uliza kona ya yule mwanamume anayevuma, uniletee.

Na kama itaanza kuvuma kabla hujanifikishia, usianze na sala kama mimi. Sala itangoja. Kwanza mshike mtoto wako mkono.