Bwawa Lililojazwa kwa Usiku Mmoja

Tone moja.

Lilianguka nyuma ya ukuta, zito, kisha kimya. Imelda Tánori alifumbua macho kitini akasubiri la pili. Halikuja. Bomba kuu alikuwa amelifunga kwa mkono wake siku tatu zilizopita, na tangu hapo nyumba haikuwa na maji hata ya kunawa uso.

Kukausha nyumba zilizolowa ndiyo ilikuwa kazi yake, na hapa Tucson ilikuwa kazi nyepesi: kata ukuta wa jasi hadi usawa wa goti, washa feni, jangwa litalamba kilichobaki. Lakini ukuta huu wa Bi Verna Stroud ulizidi kulowa kila alipoupima. Mashine ya kunyonya unyevu ilijaza tangi lake kila saa mbili, ndiyo maana Imelda alilala pale, aamke amwage. Na maji aliyomwaga yalinuka klorini, ilhali nyumba haikuwa na bwawa la kuogelea.

"Bado tu?" Bi Verna alisimama mlangoni na gauni la kulalia. "Nimeletewa fundi au mlinzi wa kusinzia?"

"Ukuta wako mkaidi, bibi."

"Ukuta hauna ukaidi, binti. Mafundi ndio wana uvivu."

Nyuma yake alitokea Colby, mjukuu wa miaka sita ambaye Bi Verna aliachiwa na bintiye amlee. Alikumbatia chupa tupu ya maji. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi.

"Bibi, nina kiu."

"Umekunywa chupa nne!"

"Mimi sikunywa. Anakunywa yeye. Msichana wa ukutani. Anasema unalijua jina lake ila hutaki kumwita."

Kofi lilimwangukia shavuni kabla hajafunga kinywa. Colby akalia. Alilia kwa sauti kubwa, macho yake makavu kama kokoto. Chozi halikutoka hata moja.

Kulipopambazuka Imelda alikifuata kipima unyevu, chumba kwa chumba, kikamtoa mlango wa nyuma. Ua lote lilikuwa vumbi na dungusi, isipokuwa sehemu moja ya majani mabichi, ndefu, yenye pembe za mviringo. Alipochomeka nondo, ilizama urefu wa mtu, ikagonga zege, ikatoka inachuruzika maji.

"Hapa palikuwa na bwawa," alisema.

"Marehemu mume wangu alilijaza udongo," akajibu Bi Verna. "Kwani ni kosa?"

"Mlitoboa sakafu yake kwanza?" Kila mtu mjini alijua: bwawa hutobolewa chini, mkaguzi akaja akayaona matundu, ndipo udongo uingie. Bila matundu linabaki chungu. Mvua za Julai hujaa humo mwaka hadi mwaka, mpaka zipate njia ya kuingia nyumbani. "Mkaguzi alikuja?"

"Alilijaza usiku mmoja."

Imelda akaifuta nondo. Ni nani ajazaye bwawa kwa usiku mmoja, ila asiyetaka chini yake paonekane?

Mchana ule hospitali walimtundikia Colby maji, wakamrudisha wakisema amepona. Kufika magharibi, ukiifinya ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama, kama ya mtu aliyekaukiwa maji mwilini. Imelda akazima feni, akang'oa waya wa mashine. Tangi likaendelea kujaa. Ndipo akampigia simu mama yake mkubwa, Librada, ambaye watu wa mtaa wao walimpelekea watoto walioingiwa na hofu awatibu.

Librada alikuja na yai na shada la majani machungu. Alilipitisha yai mwilini mwa mtoto, akalivunja ndani ya glasi. Hamkuwa na ute wala kiini. Ulimwagika unga.

"Kuna mtoto amelazwa hapa bila kuagwa," alinong'ona. "Mwite jina lake, mama, umwonyeshe mlango. Mgeni usiyeweza kumwita utamtoaje?"

"Mtoto gani?" Bi Verna naye alinong'ona. "Mama yake alikuwa anafua nguo hapa, hana karatasi za uhamiaji, na yule naye hana. Hakuna daftari lenye jina lake nchi hii. Asiye na jina hakuzama popote."

"Mjukuu wako anakwisha, bibi!" Imelda alisema.

"Nikilitaja, wewe binti utakwenda polisi. Watachimba ua wangu."

"Siendi. Naapa kwa roho ya mama yangu."

Bi Verna akacheka, kicheko kidogo, kikavu. "Mimi pia nilimwapia mama yake. Nilimwapia kwamba nimemwona binti yake akitoroka kuelekea jangwani. Akamfuata kwa miguu, kwenye jua kali la mwezi wa saba, asirudi. Hata chupa ya maji sikumpa."

Usiku ukaingia nao wamemzunguka mtoto kwenye kochi, na zile feni zilizozimwa zikaanza kuzunguka zenyewe, polepole kwanza, kisha kwa kasi, zikipuliza harufu ya klorini mpaka macho yakawawasha, huku tangi likifurika na maji yakitambaa sakafuni kuwatafuta miguu, na Imelda akimsihi yule bibi, na Librada akimsihi, na Colby akipumua kama karatasi inayokunjwa, na Bi Verna ameuma midomo yake mpaka ikatoka damu, akitikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.

Ghafla feni zikasimama.

Imelda akabandika kipimo ukutani. Sifuri. "Umekauka! Mama mkubwa, umekauka!"

"Usishangilie, mwanangu," alisema Librada. "Ametoka ukutani, lakini mlangoni hakupita."

Kifua cha Colby kilikuwa kimetulia. Bi Verna akamrukia, akamtikisa mabega. "Colby! Colby, mpenzi wa bibi!" Kichwa kiliyumba tu.

"Huyo hayupo tena kukusikia," Librada alisema, akikusanya majani yake. "Ulipewa usiku mzima umtoe mmoja na ubaki na mmoja. Sasa ndani ya mwili huu yumo yule uliyemkataa, peke yake. Ukimwita, atainuka. Usipomwita, zika."

Bi Verna aliutazama uso wa mtoto wa bintiye. Midomo iliyopasuka ilikuwa imeanza kulowa, inang'aa, laini. Alipiga magoti ndani ya maji. Kwa kidole akaziondoa nywele usoni, akazipeleka nyuma ya sikio, kama mtu anavyomtengeneza mtoto wa kike.

"Maricela," akaita.