Futikamba

Haya yalimpata rafiki yangu Abeid wa Ujiji, mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa akiwatafsiria Wazungu wawili, wabunifu wa mahema waliokuja kutafiti. Walitaka watu sita walale mchangani wawapime kwa futikamba.

Bibi Margareta, mmoja wa hao sita, alikataa. "Mwanangu, anayepimwa amelala ni maiti."

"Lala tu, bibi," Abeid akamwambia. "Ni kwa ajili ya hema."

Akalala. Kipindupindu kiliwazoa wote sita, na hema lenyewe halikufika.

Wabunifu walichora kadi ya kupeleka kwao, watu sita wamelala hemani. Nyuma wakaandika, "Ziwa linapendeza." Wakamtuma Abeid posta.

Alipofika dirishani, wingu zito lilitanda, umeme ukakatika, mle ndani mkawa na giza totoro. Akasikia futikamba ikivutwa nyuma yake. Ilimgusa kisiginoni, ikampanda mgongoni taratibu, ikasimama utosini.

Umeme uliporudi, walikuwepo yeye na karani tu. Kwenye kadi, kando ya bibi, palikuwa na nafasi ya mtu wa saba. Hapo paliandikwa kwa wino ambao haukuwa umekauka: Abeid, sentimita mia moja sabini na mbili.