Lenzi Iliyobaki Nyumbani

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Erica alinawa mikono, akala ugali na mlenda, kisha akakaa mkekani kufuta lenzi za kamera za shangazi yake. Vumbi la Dodoma halina adabu. Huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Alikuwa na brashi laini na kipande cha khanga kuukuu. Alizifuta moja moja, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto tongotongo.

Lenzi zilikuwa tatu. Fupi ilikuwa ya harusi na ya wahitimu wa chuo katika ukumbi wa Chimwaga, maana hao husimama pale unapowaambia wasimame. Ya kati ilifaa kazi ndogondogo. Ndefu, nene kama chupa ya chai, ilivuta karibu vitu vilivyo mbali, na shangazi Hilda aliitumia kupiga picha za ndege na wanyama, kazi aliyoipenda kuliko zote.

"Mnyama huwezi kumwambia sogea, tabasamu," alizoea kusema. "Kwanza jiulize utasimama wapi. Ukishajua hilo, ndipo uchague lenzi."

Jumamosi moja, shangazi akiwa kazini harusini, Yusra wa nyumba ya jirani alikuja kucheza. Pimbi walikuwa wakiota jua kwenye mawe nyuma ya nyumba.

"Lete ile ndefu tuwaone masharubu," Yusra alisema.

"Shangazi amekataza."

"Amekataza kuharibu, hajakataza kutazama. Au hujui kuifunga? Kumbe kazi yako ni kufagia vumbi tu!"

Maneno yale yalimchoma Erica. Aliichukua kamera ya zamani, akaifunga lenzi ndefu harakaharaka, wala hakuizungusha mpaka ilie "tik". Alipoinua kamera, lenzi ilichomoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Yusra alijishika mdomo. Kioo hakikupasuka, lakini ile pete ya kurekebishia picha ilikuwa imekaza, haizunguki.

"Mwambie shangazi yako," Yusra alinong'ona.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Aliifunga lenzi ndani ya khanga yake, akairudisha sandukuni. Jioni alisema kesho. Kesho yake akasema keshokutwa.

Jumatatu, simu ya shangazi ililia. Alikuwa mzee Zablon, askari wa wanyamapori wa kijiji kimoja karibu na bwawa la Mtera. Ndama wa tembo alikuwa amenasa waya wa mtego mguuni, naye alizidi kuchechemea. Daktari wa wanyama alikuwa mbali, na mara mbili alikuwa ameitwa na watu akakuta ni tope tu lililoganda mguuni. Safari hii alitaka picha inayoonyesha waya na mguu wenyewe, ndipo aje na dawa zake.

"Kesho alfajiri tunaondoka," shangazi alisema. "Mko likizo, utanisaidia kubeba."

Shangazi Hilda alikuwa na desturi yake. Kwenye fremu ya mlango alining'iniza mizani ya ndoano, ile aliyokuwa akipimia zabibu marehemu babu, na kila mkoba wa safari ulipimwa hapo. Ukizidi kilo nne, kitu kinatoka. "Anayetembea na mzigo mzito hufika amechoka," alisema, "na aliyechoka, mikono humtetemeka."

Alipima kamera, maji, mihogo ya kuchemsha. Kisha akainua lenzi ndefu na ya kati, moja kila mkono.

"Wewe ndiye unayezishika kila siku. Unaonaje?"

 Hapo ndipo mahali pa kusema, na Erica alipajua.

"Tuiache ndefu, shangazi. Peke yake karibu kilo mbili, na tunatembea saa nzima. Halafu si mzee Zablon aliwahi kusema tembo wanakunywa kwenye mawe? Ya kati itatosha."

Shangazi alimtazama kidogo. "Tembo hawasogelewi, mwanangu."

"Lakini tutakuwa juu ya mawe."

Mizani ilisoma kilo tatu na robo. "Haya," shangazi alisema. "Nakuamini."

Usiku ule Erica alilala macho wazi.

Walishuka basi Mtera asubuhi, mzee Zablon akiwasubiri kando ya barabara. "Mbukwenyi!" aliwasalimu kwa Kigogo, kisha akapokea shikamoo ya Erica. Walitembea kwenye vichaka vya miiba mpaka kwenye mawe makubwa. Erica alichungulia ng'ambo ya mawe.

Maji yalikuwa yamekimbia. Kiangazi kilikuwa kimelisukuma bwawa nyuma, na kati ya mawe na maji palikuwa na uwanda mtupu wa tope lililopasukapasuka. Tembo walikuwa kule mwisho, wadogo kama punje za maharage.

"Mwezi wa sita walikunywa hapa chini," mzee Zablon alisema. "Sasa wanafuata maji yalipo."

Shangazi alipiga picha kumi na mbili, akatuma moja kwa daktari kwa simu. Jibu lilikuja upesi, na shangazi akalisoma kwa sauti: "Tembo nawaona. Waya siuoni. Mguu upi?"

Kule mbali, ndama alijaribu kumfuata mama yake, akainua mguu mmoja juu, akasimama. Mama alirudi, akamsukuma taratibu kwa mkonga. Ndama akapiga hatua mbili, akasimama tena.

Shangazi alivua kandambili zake. Alijifunga khanga kiunoni, akaanza kushuka mawe.

"Hilda, unakwenda wapi?" mzee Zablon aliuliza.

"Pale kwenye kile kisiki. Ni nusu ya njia tu."

"Kisiki hakimzuii tembo. Yule ana mtoto mgonjwa! Ukifika pale, mimi sina la kukusaidia."

"Mzee wangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeiacha lenzi nyumbani. Siwezi kurudi na picha za maharage na yule mtoto anaoza mguu. Acha nilipie kosa langu."

Erica alisikia neno lile, kosa langu, likimpiga kifuani. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwenye mawe kwenda majini, ukiwapelekea tembo harufu ya watu. Mama tembo aliinua mkonga, akatanua masikio.

"Shangazi, si kosa lako!" Erica alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Niliiangusha. Lenzi niliiangusha Jumamosi nikimwonyesha Yusra pimbi. Pete haizunguki. Nilikuambia ni nzito ili usiichukue, usijue. Usishuke, shangazi. Tafadhali usishuke."

Shangazi aliacha kushuka. Hakufoka, wala hakuutoa mkono wake. Alikaa juu ya jiwe, akavaa kandambili zake, moja, halafu nyingine. 

Mzee Zablon aliwageukia. "Maji ni haya tu mpaka mvua. Watakuwepo. Rudini mkalete kifaa chenu."

Walirudi mjini siku ileile. Asubuhi yake shangazi alimpa Erica lenzi. "Mpelekee fundi Abdulnasiri. Mweleze mwenyewe."

Fundi Abdulnasiri alikuwa mtu wa utani. Aliigeuzageuza lenzi sikioni kama saa. "Hii imeanguka au imepigwa penalti?"

"Imeanguka. Niliiangusha mimi, Jumamosi."

Aliacha kucheka, akachukua bisibisi ndogo. Ukingo wa chuma ulikuwa umebonyea ukaibana pete. Kabla chai yake haijapoa alikuwa amemaliza. Pete ilizunguka laini kama zamani.

"Ndiyo hiyo tu?" Erica aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo hiyo tu, binti. Ungeileta Jumapili ningekurekebishia nikiwa nimesimama."

Alhamisi walikuwa tena juu ya mawe. Mkobani mlikuwa na kamera, maji na lenzi ndefu peke yake. Fupi na ya kati zilibaki Dodoma. Erica ndiye aliyebeba, na hakusema amechoka. Shangazi aliegemeza lenzi kwenye jiwe, akashusha pumzi, akabonyeza.

Waya ulionekana wazi. Mguu wa mbele wa kulia, juu ya unyayo, nyama imevimba pande zote.

Daktari alifika Ijumaa na watu wake. Walimlaza ndama kwa dawa huku gari likimzuia mama yake, wakaukata waya, wakaosha kidonda. Alipomaliza, daktari alikuja kwenye mawe akiwa na kile kipande cha waya mkononi.

"Atapona," alisema. "Ila waya ulikuwa umeanza kugusa mfupa. Siku mbili tatu nyuma ungekuwa bado kwenye nyama. Atachechemea kidogo, labda maisha yake yote."

Erica aliinamisha kichwa. Alijua siku zile zilikwenda wapi.

Jua lilipopungua ukali, shangazi alimwita wakakaa pamoja, wakitazama kundi likiondoka, yule mdogo akiwa nyuma, mama yake akimngoja kila hatua chache.

"Kuanguka kwa lenzi hakukunikasirisha," shangazi alisema. "Hata mimi nimewahi kuangusha. Lakini ulichukua shauri jema, la kusafiri mwepesi, ukalifanya pazia la kufichia jambo. Mimi nikakuamini, nikataka kwenda mbele ya tembo kwa sababu ya imani ile. Mzigo wa mgongoni, Erica, tunaupima mlangoni. Ukizidi, tunapunguza. Kosa ulilolificha halipimiki, nalo hulibebi peke yako. Unambebesha mtu mwingine asiyejua kitu. Safari hii alibebeshwa yule mtoto wa tembo."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe tangu uliponishika mkono. Ulichelewa, lakini ulisema palipokuwa pagumu zaidi kusema."

Mwezi uliofuata waliitwa tena, kupiga picha za ndege aina ya korongo. Erica alipanga mkoba mwenyewe, akautundika kwenye ndoano, akasubiri mshale utulie.

"Kilo nne na robo, shangazi. Imezidi."

"Nini kimezidi?"

"Biskuti zangu," Erica alisema, akazitoa.