Shati Lisilo na Vifungo

Ukumbi wa vifurushi wa posta ulifurika watu wa baada ya sikukuu, kila mmoja na mzigo wake au malalamiko yake. Sindano, mshonaji, alikuwa ndani ya gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, uso kaukunja. Alikuwa amepigiwa simu aje achukue kifurushi kilichorudi. Karani alipokiweka mezani, anwani ilikuwa imelowa na wino umetapakaa, lakini gundi haikuwa imeguswa.

Kumbe Fyuzi hakulipata shati kabisa. Wiki nzima alikuwa amemnunia mpenzi wake huyo, fundi umeme aliyehamishiwa kazi mji mwingine, kwa sababu ya simu moja aliyompigia.

"Fyuzi wangu, shati umelipata?"

"Nimelipata, mpenzi! Leo nimelivaa kazini. Limenikaa, usiseme!"

Shati lenyewe halikuwa na kifungo hata kimoja. Sindano hashoni vifungo mpaka mwenye shati asimame mbele yake na kuvuta pumzi, na hili alilituma hivyo makusudi, ili Fyuzi aje. Aliposikia limevaliwa, akajua anadanganywa. Akadhani limegawiwa, au limetupwa kona bila kufunguliwa. Akaacha kupokea simu zake.

"Samahani, dada," sauti ilisema kwenye dirisha la pili. "Naulizia kifurushi. Nimeambiwa kimerudishwa huku."

Sauti hiyo angeitambua hata usingizini. Fyuzi alisimama pale na buti za kazini, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Unaulizia nini, na ulishashukuru?"

Fyuzi aligeuka. "Nilidanganya. Mama alitufundisha, aliyekutumia zawadi humwambii haijafika, atajiona kapoteza jasho lake bure. Unashukuru, halafu unaitafuta kimyakimya."

"Na kulivaa kazini?"

"Hapo nilitia chumvi."

Sindano alibana kicheko. "Mimi nililia, unajua? Shati likipotea nashona lingine. Wewe nikikupoteza, nitakushona wapi?"

"Si ungeniuliza, badala ya kuninyamazia?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. "Niliona aibu. Ningeonekana nadai asante."

"Jamani, mapenzi yasogee pembeni!" mama mmoja alifoka kwenye foleni. "Wengine tuna mizigo!"

Wakasogea kwenye benchi. Fyuzi alichana karatasi, akalivaa shati juu ya fulana, akapapasa kifuani. "Mbona halina vifungo?"

"Wewe uliyelivaa kazini hukuona?"

Fyuzi alicheka, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Na mimi pia." Sindano alitoa uzi na kifungo mkobani. "Simama wima. Vuta pumzi."

Alishona polepole, akisikia mapigo ya moyo chini ya vidole vyake. Akakata uzi kwa meno, akafunga mkoba.

"Kimoja tu?"

"Kimoja kila ukija."

"Na vikiisha?"

"Vikiisha, huondoki tena."